Intaneti ya setilaiti za karibu: dishi halina neno, angalia mti

Mimi nafundisha hisabati kwa njia ya video, kwa hiyo anayetafuta habari za kushusha filamu kwa dakika mbili atapata kidogo hapa. Kinachoniumiza kichwa ni kuchelewa. Mwanafunzi akiuliza "hiyo hasi imetoka wapi?" na swali likanifikia nikiwa mistari mitatu mbele, somo limeshaharibika.

Nilipo mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo, haujafika, na mnara wa simu unashika nusunusu. Kwa muda mrefu nilitumia setilaiti ya mtindo wa zamani, ile inayoonekana kutulia mahali pamoja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali lipande, lishuke. Jibu lipande, lishuke. Safari hizo nne pekee zinakula karibu nusu sekunde, na hakuna fundi wa kuipunguza, maana hiyo ni kasi ya mwanga. Tulikuwa tunaongea kama watu wa redio za upepo: kila mmoja anamngoja mwenzake, kisha wote wawili tunaanza pamoja.

Setilaiti hizi mpya, ninazotumia sasa, zinazunguka chini kabisa, nyingi kwenye kilomita 550 hivi, na kila moja huizunguka dunia kwa takriban dakika 95. Maana yake haikai juu yako. Inapita, dishi linaidaka nyingine, na wewe mezani huhisi kitu. Kipimo changu husoma milisekunde 30 hadi 50 siku za kawaida. Wanafunzi wameanza tena kunikatiza katikati ya sentensi, na hiyo kwangu ni nyota tano.

Sasa mti. Watu wengi hudhani dishi linatazama sehemu moja, kama la televisheni, kwa hiyo ukipata uwazi upande mmoja umemaliza. Hili linahitaji kipande kikubwa cha anga, kwa sababu setilaiti zinapita huku na huku. Programu ya simu inakuchorea ramani ya anga lako kama kuba, na palipozibwa pana rangi nyekundu. Kwangu wekundu ulikuwa kaukanda kadogo, tawi la mti wa jirani. Ungesema ni kitu gani hicho? Lakini kila setilaiti ikipita nyuma ya tawi, picha inaganda sekunde mbili tatu, mkono wangu unabaki hewani na kalamu, kisha sauti inarudi ikiwa imeruka neno muhimu. Mtu anayesoma habari hatagundua, kwa kuwa ukurasa ukishafunguka umefunguka. Mwenye mkutano wa video ataona kila tawi. Nilinunua mlingoti, nikalipandisha dishi juu ya paa, na wekundu ukaisha. Mlingoti hauji ndani ya boksi.

Mvua ya kawaida haisumbui. Ile ya radi, wingu likiwa zito jeusi, inaweza kukata kabisa kwa dakika kadhaa. Umeme nao usiuchukulie poa: dishi la kawaida pamoja na ruta yake hula wati 50 hadi 100 muda wote, hivyo betri ndogo inayobeba ruta ya mkongo usiku mzima haitafika mbali.

Jioni kasi inashuka. Setilaiti moja inagawana uwezo wake kwa wateja wote wa eneo inalolimulika, na majirani wakiongezeka kila mtu anapata kipande chembamba zaidi. Muuzaji wangu hakulitaja hilo, na aliponijibu baadaye alinishauri niwashe upya ruta. Nikawasha upya. Haikusaidia, kama tulivyojua sote wawili. Jambo jingine dogo: kwenye kifurushi changu sina anwani ya IP ya umma, ile namba inayokuwezesha kufikiwa moja kwa moja kupitia intaneti, kwa hiyo anayetaka kufikia kamera zake za ulinzi moja kwa moja kutoka nje aulize kwanza.

Hayo ni ya paani. Ya juu zaidi hayamo kwenye ankara, ila yananikaa kooni. Starlink, mojawapo ya huduma za intaneti hii, peke yake ina zaidi ya setilaiti 7,000, na 60 za kwanza zilirushwa Mei 2019. Amazon nao wamepanga zaidi ya 3,000, na kampuni nyingine, OneWeb, wana zao kwenye kilomita 1,200. Wanaastronomia wanapata picha zilizokatwa na mistari myeupe, na darubini ya Vera Rubin, inayopiga picha pana za anga, ni kati ya zinazoathirika sana. Mwaka 2009 setilaiti ya mawasiliano Iridium 33 iligongana na setilaiti ya Urusi iliyokuwa imekufa, vipande vikatapakaa, na hapo msongamano wa leo haukuwepo. Wenye kampuni hujibu kwamba zilizo chini huanguka na kuungua zenyewe. Ni kweli, na Februari 2022 dhoruba ya jua iliziangusha karibu 40 mara tu baada ya kurushwa. Lakini zinadumu miaka mitano hivi tu, kwa hiyo kurusha na kuunguza hakuna mwisho, na wanasayansi bado wanachunguza oksidi ya alumini, vumbi linalobaki juu huko setilaiti zikiungua, inafanya nini kwa ozoni, tabaka linalotukinga na miale ya jua.

Wakati huohuo, Tonga ilipopoteza kebo yake ya baharini kwa mlipuko wa volkano Januari 2022, ni setilaiti zilizorudisha mawasiliano kebo ikisubiri kutengenezwa. Siwezi kumwambia mtu wa kisiwani angoje mpaka anga lisafishwe, na mimi mwenyewe sirudi kwenye ile nusu sekunde.

Kama mkongo unapita mlangoni kwako, chukua mkongo. Ni rahisi kuutunza na hauogopi radi. Kama haupiti, panda paani na simu kabla hujalipa chochote, fungua ramani ya anga, uiache isome vizuri. Ukiona wekundu, malizana kwanza na mwenye mti.