Duka la pembejeo la UFA huko Alberta, na waziri mkuu aliyetoka kwa wakulima

Miongoni mwa maduka ya pembejeo ya jimbo la Alberta, Kanada, ninayoyapendekeza bila kusita ni yale ya UFA, ushirika wenye makao makuu Calgary. Bidhaa zake zimechaguliwa kwa ajili ya mtu mwenye mifugo na shamba: hereni za ng'ombe, mawe ya chumvi ya kulamba, maziwa ya unga ya ndama, waya wa seng'enge, glavu na buti za mpira. Vipo pia vituo vya mafuta ambako mkulima hujihudumia kwa kadi hata usiku wa manane. Mhudumu niliyemuuliza habari za nguzo za uzio alitaka kwanza kujua kama ninazungushia ng'ombe au mbuzi, na udongo wenyewe ukoje, ndipo akanipeleka kwenye nguzo zinazofaa.

Hata hivyo, duka hili haliwezi kupimwa kwa rafu zake peke yake. UFA ni kifupi cha United Farmers of Alberta, muungano wa wakulima ulioundwa mwaka 1909, ambao mwaka 1921 uliingia katika uchaguzi wa jimbo na kutwaa viti 38 kati ya 61. Mwanasiasa wake aliyeacha alama kubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni John Brownlee, ambaye hakuwa mkulima bali mwanasheria wa muungano huo. Alianza kama Mwanasheria Mkuu wa jimbo chini ya Herbert Greenfield, waziri mkuu wa jimbo, kisha mwaka 1925 akashika nafasi yake na kuwa waziri mkuu wa jimbo.

Kazi ninayoithamini zaidi ni mchango wake katika kuanzisha ushirika wa kuuza ngano mwaka 1923. Mkulima alikabidhi mavuno yake kwa mkataba, akapokea malipo ya awali, kisha nyongeza baada ya ngano kuuzwa, utaratibu ambao mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro ataufahamu mara moja kwa jina la malipo ya pili. Bei ya ngano ilipoporomoka baada ya 1929, malipo ya awali yakawa yamezidi bei ya soko, na serikali ya Brownlee ikalazimika kuudhamini ushirika kwa mabenki ili usifilisike. Desemba 1929 alitia saini makubaliano yaliyoirudishia Alberta umiliki wa ardhi na madini yake kutoka serikali kuu, hatua ambayo manufaa yake jimbo linaendelea kuyavuna.

Anguko lake lilikuwa chungu. Alishtakiwa katika kesi ya madai kwamba alimtongoza karani kijana wa serikali. Alikana, lakini baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi dhidi yake mwaka 1934, naye akajiuzulu. Mwaka uliofuata chama chake hakikuambulia kiti hata kimoja. Muungano ukaachana na siasa na kubaki na biashara yake ya ushirika, ambayo ndiyo iliyozaa maduka haya. Wakulima, kwa upande wao, hawakumtupa Brownlee: kuanzia mwaka 1948 aliongoza United Grain Growers, kampuni ya nafaka iliyomilikiwa na wakulima wenyewe, hadi 1961, mwaka aliofariki.

Ndiyo maana ninaona uanachama kuwa sababu nzito ya kununua hapa. Gawio la mwanachama hufuata kiasi cha manunuzi yake, kwa hiyo anayenunua mafuta na chakula cha mifugo msimu mzima ndiye anayefaidika, kuliko mwenye bustani ndogo ya mjini anayepita mara moja kununua glavu. Waswahili walioko Alberta wanaofikiria kufuga mbuzi au kondoo waulize masharti ya uanachama kaunta kabla ya manunuzi makubwa ya kwanza.