Huduma ya faini za kamera: naomba picha ya pili

Nina magari matatu ya kusambaza mizigo na madereva wanne, na magari yote yameandikishwa kwa jina langu. Kwa hiyo kamera ya barabarani ikipiga picha, notisi inaletwa kwangu hata kama siku hiyo nilikuwa kitandani na homa. Miezi michache iliyopita niliandikiwa mbili, moja ya taa nyekundu na moja ya mwendokasi, zote kupitia tovuti ileile ya kulipia na kupinga faini. Moja nimeikubali, moja nimeipinga ikafutwa. Nawaandikia hasa wenzangu ambao magari yao yanaendeshwa na watu wengine.

Ile ya taa ni fupi. Unaingiza namba ya notisi na namba ya gari, picha mbili zinafunguka. Ya kwanza inaonyesha gari likiwa bado halijavuka mstari wa kusimama na taa imeshakuwa nyekundu, ya pili gari liko katikati ya makutano. Juu kuna ukanda mweusi wenye tarehe, saa, na muda ambao taa nyekundu ilikuwa imewaka: sekunde 1.8. Iangalieni sana hiyo picha ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayomtofautisha aliyeingia kwenye nyekundu na yule ambaye taa imemgeukia akiwa tayari ndani. Nilimpa dereva simu aione. Akaitazama kimya, kisha akasema, "Mama, hapo sina la kusema. Ni mimi." Fomu ya kumtaja dereva ilinichukua dakika tano, na kesho yake notisi ikahamia kwenye jina lake. Hapo naisifu huduma hii bila kusita.

Kuhusu huko kumtaja dereva, someni notisi yenu vizuri, maana sheria hazifanani. Uingereza mwenye gari ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha, na akikataa hilo ni kosa jingine. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba sharti hilo halivunji haki ya mtu kunyamaza. Ujerumani anayeadhibiwa kwa mwendokasi ni aliyeshika usukani, kwa hiyo picha lazima ioneshe uso. Nako Missouri, Marekani, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa sheria ndogo ya jiji la St. Louis iliyomhesabu mwenye gari kuwa ndiye dereva mpaka yeye athibitishe kwamba siye. Yangu iliandikwa wazi: mwenye gari anawajibika, ila akimtaja dereva anatoka. Naona ni haki, mradi mtu apewe ushahidi wa kutosha kujua amtaje kwa kosa gani.

Na hapo ndipo notisi ya pili iliponiumiza kichwa. Iliandika kilomita 72 kwa saa kwenye barabara yenye kikomo cha 50. Dereva wa siku hiyo ndiye mpole kuliko wote, ambaye wenzake humlalamikia kwa kuchelewesha mizigo. Alinyong'onyea kabisa. Nilifungua tovuti nikakuta picha moja tu: gari letu kwa nyuma, na ubavuni lori kubwa lenye bodi ya bati likitupita.

Kamera ya rada hutuma mawimbi, yakigonga gari hurudi yamebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa mwendo. Magari mawili yakiwa pamoja mbele yake, lazima mtu ajiulize namba ile ni ya nani. Kwa ajili hiyo kamera za aina hii hupiga picha mbili zilizopishana kwa nusu sekunde, na barabarani huchorwa mistari mifupi myeupe yenye nafasi sawa, ili mtu aweze kuhakiki kwa macho kile ilichosema rada. Ni utaratibu wa zamani. Kamera ya mwendokasi yenyewe ilianzishwa na Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mbio za magari za Monte Carlo Rally mwaka 1953, na kifaa chake cha kwanza alikitengeneza ili ajipime mwendo wake mwenyewe.

Sasa, picha ya pili iko wapi? Haiko kwenye tovuti, unaiomba. Kitufe cha kulipa ni kikubwa, kiko juu, na ukilipa mapema unapunguziwa. Kitufe cha kuomba ushahidi kiko chini kabisa, baada ya maelezo ya kadi za benki. Na kwa maandishi madogo wameandika kwamba kulipa ni kukiri kosa. Nilikuwa nimeshatoa kadi niliposoma mstari huo. Hii si kasoro ya mapambo ya ukurasa. Mtu anavuliwa haki ya kupinga kabla hajaona anachoshtakiwa nacho.

Siku nazo zinabana. Muda wa kupinga ni siku 28 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, wala si siku uliyoipokea. Yangu ilinifikia siku ya 9, nikaomba ushahidi siku ya 11, ukaja siku ya 23. Muda hausimami wakati unawasubiri wao.

Usiku ule niliweka picha zote mbili kwenye kompyuta na rula pembeni. Barua iliyoambatana nazo ilisema mistari imepishana mita 2. Picha ya kwanza, tairi letu la nyuma limegusa mstari. Picha ya pili, limepita nafasi tatu na nusu. Hizo ni mita 7 kwa nusu sekunde, yaani mita 14 kwa sekunde, sawa na kilomita 50 kwa saa na ushee. Nikahesabu tairi la lori: nafasi tano kamili. Mita 10, yaani 20 kwa sekunde, kilomita 72 kwa saa. Nilimwita dereva ahesabu mwenyewe bila kumwambia jibu langu. Alipofika tano kwenye lori alinyanyua macho akaniangalia.

Kamera haikukosea. Ilipima lori, notisi wakaniandikia mimi. Cheti cha uhakiki wa kamera nilichotumiwa kilikuwa hai na safi, lakini cheti husema kifaa kinapima sawasawa, hakisemi kimepima gari lipi. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaodai cheti kinatosha. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema mwezi Novemba 2020 kwamba mshtakiwa wa mwendokasi ana haki ya kuomba hata taarifa za upimaji zisizo kwenye jalada la kesi. Mimi nilihitaji picha moja tu zaidi.

Nilituma pingamizi siku ya 25, na hesabu zote pamoja na picha zenye alama nyekundu. Baada ya wiki tano likaja jibu la maneno mawili: "Notisi imefutwa." Sababu hawakutoa.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Kumtaja dereva na kufungua picha ni rahisi, hata kwa simu ya kawaida. Nyota mbili nazizuia mpaka picha zote mbili zitokee palepale notisi inapofunguka, na siku zisimame mtu anapoomba ushahidi.

Notisi ile iliandikwa kwamba "imekaguliwa na ofisa." Kwa hiyo nimewaandikia tena, nikauliza kama wamezipitia upya notisi nyingine za kamera hiyo zenye magari mawili ndani ya picha, na kama waliokwisha kulipa watarudishiwa pesa zao. Leo ni siku ya 16, sijajibiwa.