TAHADHARI: Ukiambiwa "loki ya boneti imekufa" pale Mwanjelwa, Mbeya, shika hela yako kwanza

Jamani, yule fundi kishoka bado yupo na bado anapiga watu. Safari hii ni dada mwenye Toyota IST. Elfu sitini imekwenda, na alichouziwa ni loki ileile aliyokuja nayo.

Gari lilikuja na boneti nzito kufunguka, basi. Jamaa akainamia kama anasafisha, kumbe kwa bisibisi anausukuma ulimi wa loki mpaka ukalia ta-ta, ukajifunga huku boneti iko juu. Kisha akaiachia boneti. Paa! Ikadunda. Akaibamiza tena, ikadunda. "Dada, si unaona mwenyewe?"

Anaona, ndiyo. Ulimi ukishajifunga, kile chuma cha U cha chini ya boneti hakina pa kuingia. Hata loki mpya iliyotoka kwenye boksi leo itadunda hivyohivyo. Dawa yake ni kuvuta kishikio cha ndani, karibu na usukani, ulimi unaachia papo hapo. Kwa hiyo msimcheke dada wa watu. Ovaroli anayo, magari yamejaa uwanjani, na kitu kinagoma mbele ya macho yako. Nani asingetoa hela?

Akaifungua loki, akaondoka nayo "dukani", akarudi nayo imeoshwa kwa petroli na kupakwa oili chafu. Matundu ya bolti za loki ni marefu, lazima uweke alama kabla ya kufungua. Hakuweka, sasa boneti imekaa upande.

Hiyo oili chafu ndiyo inayotia hasira zaidi. Vumbi letu la kiangazi likinasa humo linakuwa ugali mweusi, baridi ya Juni na Julai inaugandisha, ulimi haurudi vizuri. Unabaki unategemea ndoano ya usalama peke yake, ile inayoishika boneti loki ikiachia, ambayo nayo kaipaka uchafu uleule. Haya, shuka mteremko wa Mlima Nyoka hivyo, boneti ije kwenye kioo!

Kazi yenyewe: mswaki wa zamani utoe vumbi, puliza WD-40, chezesha ulimi kwa bisibisi na kuuachia kwa kishikio mpaka uwe mwepesi, futa kwa tambara. WD-40 inasafisha tu, usiishie hapo. Paka grisi nyeupe ya lithiamu kiasi cha punje ya harage kwenye pini, springi, uso wa ulimi na ndoano. Kebo ya kishikio, matone mawili ya oili nyepesi inapoingia kwenye ganda lake. Buti vivyo hivyo, ila tundu la ufunguo ni unga wa grafiti, siyo grisi, na usipulizie plagi ya umeme. Mwisho funga boneti, kisha vuta kishikio: boneti inyanyuke kidogo, ndoano iishike.

Loki iliyokufa kweli ina springi iliyokatika, ulimi uliolika au uliopinda. Akuonyeshe.

Dalili zake? Anakutuma soda. Hataki usimame karibu. "Spea" haina boksi, na rangi ya bolti imechubuka upya.

Serikali ya mtaa mnamjua, mnampita kila siku. Aitwe, arudishe elfu sitini yote, boneti ainyooshe bure, na pale uwanjani atolewe. Akileta ubishi, kituo cha polisi hakiko mbali.