Wiki tano za kujisaidia kwa kitabu na simu: uzoefu wangu nilipobaki nyuma chuoni

Naandika haya kwa mwanafunzi ambaye kundi la WhatsApp la darasa lake amelinyamazisha na hathubutu kulifungua. Mimi nilikaa hivyo siku 19, mwezi wa Januari, katika chumba cha kupanga karibu na Tunguu, Unguja. Kilichonitoa ni kitabu kimoja chenye michoro, Doing What Matters in Times of Stress, pamoja na simu ya dakika 20 kila Jumapili usiku.

Nieleze kwanza nilivyofika huko. Disemba baba aliteleza juu ya mkarafuu kwetu Wete, Pemba, akavunjika paja. Msimu ulikuwa umekolea, mikarafuu imebeba, wachumaji adimu, na mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Nilipanda boti nikakaa nyumbani wiki tatu. Asubuhi kuchuma, usiku kuchambua na mama na wadogo zangu, na mchana kutwa jicho liko mawinguni, mvua isije ikatukutia karafuu majamvini. Niliporudi Unguja testi mbili zilikuwa zimepita, asaimenti zimeshakusanywa, na wenzangu wa kikundi wamewasilisha bila mimi.

Kazi ya karafuu haikunishinda. Kilichonishinda ni kuingia tena darasani. Siku ya kwanza nilisema nitaingia kesho nikishasoma kidogo, nisije nikaulizwa nikakosa jibu. Kesho yake nikasema vivyo hivyo. Saa za kipindi nikitoka chumbani na mkoba begani, mwenzangu akidhani nakwenda chuo, nami nakwenda kukaa msikitini mpaka adhuhuri. Mama akipiga simu nikimwambia, "Masomo yanakwenda, mama," kisha chakula hakipiti. Usingizi ukija saa tisa za usiku. Kifua kikinibana kila simu ikilia, hata kama ni ujumbe wa kampuni ya simu tu.

Mwenzangu wa chumba ndiye aliyegundua. Aliniambia nisome Qur'ani nitatulia, na nilisoma, na nilitulia kweli. Lakini asubuhi lile kundi la darasa lilikuwa palepale na ujumbe umezidi. Neno la mshauri nilikuwa sitaki kulisikia. Huku kwetu ukisema kichwa kimekuelemea, mtu wa kwanza atakutajia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, hata kama anatania, na ukishatajiwa hivyo mara moja huongei tena. Basi akanipa namba ya dada mmoja aliyemaliza masomo ya ustawi wa jamii, anayejitolea na wenzake wachache kuwasindikiza wanafunzi kwa simu. Bure. Wasichana huwekewa dada, wavulana huchagua. Hilo nimeliona la busara, maana si kila mzazi atakubali bintiye apokee simu ya kaka asiyemjua saa tatu usiku.

Simu ya kwanza nilitegemea nasaha. Sikupewa. Aliniambia, "Mdogo wangu, mimi si daktari, wala sitakufundisha somo lako. Kazi utaifanya wewe, mimi nitakuuliza umefika wapi." Kisha akaniuliza usingizi, chakula, nani nyumbani anajua. Halafu bila kuzunguka akaniuliza kama nimepata kufikiria kujidhuru. Nilinyamaza kwanza kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza, nikajibu hapana, na ilikuwa kweli hapana. Akasema lau ningejibu ndiyo asingenipa kitabu, angenisindikiza hospitali siku ileile. Nilipokata simu nilihisi niko mikononi mwa mtu makini.

Kitabu chenyewe kimetolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, na kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kina sehemu tano na michoro kila ukurasa, maneno machache. Wanasema dakika chache kwa siku zinatosha. Kimetokana na kozi iliyojaribiwa Uganda kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini, karibu 700 kutoka vijiji 14, na miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Wale walikaa vikundi vikundi wakisikiliza sauti iliyorekodiwa, hawakupigiwa simu mmoja mmoja kama mimi, na shida yao si testi. Kwa hiyo siwezi kusema jaribio lile linathibitisha habari yangu. Lakini nilipojua kimetoka kwa watu waliokimbia vita nilikisoma kwa heshima.

Wiki ya kwanza ni kutulia: unatambua unachowaza na kuhisi, unavuta pumzi taratibu, unakandamiza nyayo sakafuni, kisha unarudisha macho na masikio kwenye kilicho mbele yako. Dada alinirekodia zoezi kwa sauti, dakika tatu, nikawa nalisikiliza baada ya alfajiri. Siku nne za mwanzo sikuhisi kitu, na kama ningekuwa na kitabu peke yake ningekiacha hapo. Nilimwambia hivyo Jumapili. Akaniuliza, "Katika swala akili ikikimbia unafanyaje?" Nikamwambia unairudisha. "Ikikimbia tena?" Unairudisha tena. Hapo nikaelewa kwamba zoezi halikusudii kufukuza hofu, ila kurudi. Sisi tumeambiwa habari ya khushuu, yaani moyo kutulia ndani ya swala, tangu chuo cha Qur'ani kwa maalimu, lakini sikuwahi kudhani ni jambo la kutumia mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara.

Wiki ya pili ndiyo iliyonibadilisha, na hapa nitakaa kidogo. Kitabu kinasema mawazo mazito hutunasa kama ndoana. Aliyekulia Pemba akavua kwa mshipi hahitaji kuchorewa. Samaki changu akishanaswa hukata kwa nguvu kwenda upande wa pili, na kila akivuta ndoana huzama. Mimi kukwepa darasa ndiko kulikuwa kuvuta kwangu. Zoezi lina hatua tatu: tambua kwamba umenaswa, lipe jina wazo lililokunasa, kisha rudi kwenye unachokifanya. Kulipa jina ni kusema, kimoyomoyo au kwa sauti, "Hapa kuna wazo kwamba nimeshafeli." Tofauti na kusema "nimeshafeli" inaonekana ndogo ukiisoma. Ukiifanya saa tisa usiku, taa imezimwa, utaiona.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kufungua kundi la darasa. Tulikubaliana siku na saa: Jumanne, saa moja asubuhi, dakika kumi, na ruhusa ya kulifunga dakika ya kumi na moja. Nilikaa juu ya godoro na miguu sakafuni. Ujumbe 412. Kidole kilitetemeka. "Hapa kuna wazo kwamba wamenisema." Nikafungua. Kulikuwa na ratiba, picha za ubao, mtu anauza jiko la gesi, dua za kumwombea bibi wa mwenzetu, na mara mbili jina langu. Mara ya kwanza mmoja anauliza, "Jamani mwenzetu wa Wete hali ya baba yake vipi?" Mara ya pili wananiombea. Siku 19 nililikimbia kundi lililokuwa linamwombea baba yangu.

Wiki ya tatu kitabu kinakuuliza yapi unayathamini na ungependa uwe mtu wa namna gani. Ukurasa wenyewe kwangu ulikuwa wa juu juu mno, na sitaficha kwamba niliuona kama maneno ya semina. Dada aliushusha chini. Alinitaka niandike madeni yangu yote ya masomo kwenye karatasi moja, tukiwa hewani, yeye anasubiri. Nilikuwa nikiyabeba kichwani kama mlima. Nilipoyaandika yalikuwa tisa: testi mbili, asaimenti tatu, wasilisho moja, ripoti ya mazoezi ya maabara, mahudhurio ya somo moja, na kozi weki ya Takwimu ambayo sikuwa nimeigusa kabisa. Akaniuliza lipi lina mtu wa kuzungumza naye, na lipi ni la kukaa na kufanya tu. Manne yalitaka mtu.

Ndipo tukaja kwenye ujumbe wa mwalimu. Niliandika aya nzima ya kujieleza, karafuu, boti, bando limekwisha, kila kitu. Akaniambia niisome kwa sauti. Nilipofika katikati nikaisikia mwenyewe kwamba naomba huruma na swali lenyewe sijaliuliza. Tulibakisha haya:

"Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Disemba baba alivunjika paja, nikakaa Pemba wiki tatu, na niliporudi sikuja kukuona kama nilivyopaswa. Naomba kujua kama ipo njia ya kufanya testi niliyoikosa."

Jibu lilichukua siku mbili, na siku mbili hizo zilikuwa ndefu. "Njoo Alkhamis saa nne na cheti cha hospitali." Mwalimu wa somo la pili alisema hapana, muda umepita, na akawa na haki yake. Nililitegemea hilo neno hapana kama mtu anayetegemea kuporomokewa na nyumba. Lilinichoma, kisha jioni nikala.

Wiki ya nne iliingia Ramadhani, simu zikahamia baada ya tarawehe. Sehemu hiyo inahusu kujifanyia wema, na ya tano inahusu kuyapa nafasi maumivu badala ya kupigana nayo. Sina mengi ya kusema. Zote mbili nilizifanya kwa haraka kwa sababu sasa nilikuwa nasoma kweli, dakika 40 baada ya alfajiri na 40 baada ya alasiri, na nadhani nitazirudia nikitulia. Lililobaki nami ni swali alilonipa dada: mdogo wako angebaki nyuma kwa sababu ya kumuuguza baba, ungemwambia nini? Kwa siku nyingi nilikuwa najiambia maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mdogo wangu.

Sasa kasoro, maana anayetaka kujaribu azijue. Kitabu hakifundishi kusoma. Ukitaka namna ya kupanga ratiba au kujiandaa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, tafuta kwengine. Michoro yake ni ya watu wa kila nchi na shida za kila aina, vita na magonjwa, na mwanafunzi anaweza kuhisi shida yake ni ndogo mno kuwemo humo. Dakika 20 ni chache, mara mbili tulikatika mtandao tukapoteza sita au saba, na hakuna wa kuzifidia. Faili la kitabu ni zito kwa bando la mwanafunzi, lipakue mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Na baada ya wiki ya tano ndiyo basi, hakuna simu ya sita. Mimi ningependa wangepiga tena hata mwezi mmoja baadaye.

Pia si dawa ya kila kinachomrudisha mtu nyuma. Rafiki yangu alianza baada yangu, naye shida yake ilikuwa bumu, pesa za mkopo wa kujikimu, limechelewa na ada inadaiwa. Wiki ya pili dada wake mwenyewe akamwambia zoezi la pumzi halilipi ada, wakatumia simu iliyobaki kuandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Nimemheshimu kwa hilo.

Nikiulizwa ni kitabu au ni simu iliyonisaidia, nitajibu simu, ingawa bila kitabu simu ingekuwa mazungumzo ya kufarijiana tu. Kitabu kilinipa la kufanya Jumatatu. Simu ilinifanya nilifanye kabla ya Jumapili, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua saa niliyoahidi, na asiyenikasirikia nikishindwa. Wiki moja nilishindwa kabisa. Nilitegemea atavunjika moyo. Akauliza tu, "Ilikwamia wapi?" tukaigawa ile kazi vipande viwili.

Katika madeni tisa, sita nimeyalipa, mawili nimeyapoteza, na moja limekuwa sapu, yaani mtihani wa kurudia: Takwimu, Septemba. Mama nilimweleza kweli yote Idd, tumekaa barazani, baba naye yupo na fimbo yake. Mama hakusema kitu kwa muda, kisha akaniuliza hiyo sapu ni tarehe ngapi, akamwambia mdogo wangu aiandike kwenye kalenda ya ukutani.

Simu za dada zimekwisha, kwa hiyo nimemwomba mwenzangu wa chumba. Kila Jumapili saa tatu usiku anazima redio yake, ananigeukia na kuniuliza nimefika sura ya ngapi. Leo nimemjibu ya nne.