Siku Mbili za Mafunzo ya Usalama wa Kitamaduni Manitoba: Wazee Wamefaulu, Intaneti Haikufaulu

Mwajiri wangu alipotuandikisha katika mafunzo ya usalama wa kitamaduni, yanayoongozwa na wazee wa mataifa ya asili hapa Manitoba, nilikwenda nikiamini kwamba hayanihusu sana. Mimi ni muuguzi niliyehamia Kanada kutoka Afrika Mashariki, na wagonjwa wamewahi kunikataa kwa sababu ya rangi na lafudhi yangu, kwa hiyo nilidhani somo hili ni la wenzangu Wazungu. Dhana hiyo haikufika hata mapumziko ya chai ya saa nne.

Mzee wa Kianishinaabe aliyefungua kikao alipokea tumbaku kutoka kwa mratibu, kama desturi yao inavyotaka mtu anapoombwa mafundisho, akaiweka mapajani, kisha akatusimulia habari za Brian Sinclair. Sinclair, mwanamume wa asili aliyekatwa miguu yote miwili, alifika kwa kiti cha magurudumu katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Winnipeg mnamo Septemba 2008, akiwa na barua kutoka kliniki, kwa kuwa mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Alikaa hapo saa 34 bila kutibiwa, akafia kwenye kiti chake kwa maambukizi ya kibofu ambayo yangetibika. Katika uchunguzi uliofuata ilibainika kwamba baadhi ya wahudumu walimdhania mlevi, au mtu asiye na makazi aliyekuja kujisitiri. Mzee hakutoa maelezo zaidi. Alituuliza tu ni nani anayekaa kwenye kiti hicho katika zamu zetu, na mimi nikamkumbuka mtu mmoja ambaye niliwahi kumpita mara tatu usiku mmoja.

Dhana ya usalama wa kitamaduni haikuanzia Kanada. Ilijengwa New Zealand na muuguzi wa Kimaori, Irihapeti Ramsden, pamoja na wenzake, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo liliiingiza katika masomo ya uuguzi. Kiini chake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyeipokea, wala si yule aliyeitoa. Ndiyo maana mshiriki mmoja alipoomba apewe orodha ya mila za Wakree, taifa jingine la asili, ili aibandike ukutani, mzee alicheka kidogo, akamwambia amuulize mgonjwa wake. Kwangu mimi jibu hilo pekee lilitosha kunilipa siku nzima niliyoiacha wodini.

Alasiri tulifanya zoezi la mablanketi, ambamo washiriki husimama juu ya mablanketi yanayowakilisha ardhi, na historia inapoendelea kusomwa mablanketi hukunjwa. Tulipofika kwenye shule za bweni walizopelekwa watoto wa asili, blanketi langu lilikuwa limebaki na upana wa taulo la mikono, nami nimesimama kwa mguu mmoja, nikijishika bega la mfamasia nisiyemjua jina.

Upungufu upo, na si mdogo. Saa moja ya wazee katika siku ya pili ilikatwa ili ofisa wa utumishi atusomee sera ambayo tayari tulikuwa tumetumiwa kwa barua pepe. Wakuu wa idara walifika kupiga picha ya ufunguzi, wakaondoka, ilhali wao ndio wanaopanga nani aitwe kwanza na nani asubiri. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo za bweni, katika miito yake 94 ya kuchukua hatua ya mwaka 2015, ilitaka mafunzo haya yawafikie wahudumu wote wa afya, na sijui mkuu wa idara anahesabiwa kuwa nani kama si mhudumu. Sehemu ya intaneti, inayotakiwa kukamilishwa kabla ya kupewa cheti, ni video na maswali ya kuchagua jibu. Nilipata alama zote huku nikimenya viazi.

Anayeandikishwa na aombe kikao cha ana kwa ana, tena aulize mapema wazee wametengewa saa ngapi. Kwa sehemu ya intaneti peke yake nisingetoa hata dola moja.