Mafunzo na cheti cha DP-300 nikiwa Tabora: uzoefu wangu

Nasimamia kanzidata ya chama cha akiba na mikopo hapa Tabora, mwaka wa sita sasa. Mitatu ya mwanzo sikuwa na cheti cha DP-300, kile cha Microsoft cha wasimamizi wa kanzidata. Nilijifunzia kazini, bakapu (nakala ya akiba ya data) ilikuwa inatoka kila usiku, nikaona inatosha.

Msimu mmoja wa malipo ya tumbaku, saa tisa alasiri, mwenzangu aliandika amri ya kufuta rekodi akasahau sharti la WHERE, linalosema ni rekodi zipi zifutwe. Jedwali la marejesho likabaki tupu. Kwa hofu nikachukua bakapu ya usiku nikairejesha juu ya kanzidata ileile. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi: SQL Server yetu, programu inayoendesha kanzidata, ilikuwa kwenye modi ya Simple, ambayo haitunzi logi (kumbukumbu ya kila badiliko) ya kurejeshea miamala, kwa hiyo kazi yote ya siku ile, hata ya majedwali ambayo hayakuguswa, ikapotea. Tuliingiza upya kutoka kwenye stakabadhi kwa siku mbili, huku wanachama waliotoka Urambo na Sikonge wakisubiri hela zao nje. Mzee mmoja alilala kwenye benchi letu.

Baada ya hapo nikalipia kozi ya mtandaoni ya wiki sita. Nusu ya vipindi mwalimu alikuwa anasoma tu masomo ambayo Microsoft Learn, tovuti ya mafunzo ya Microsoft, wanayatoa bure, na hilo liliniuma kwa sababu hela ilitoka mfukoni mwangu. Lakini mazoezi ya Jumamosi yalikuwa ya thamani kubwa. Tulipewa kanzidata iliyoharibiwa makusudi, saa inahesabu, uirudishe. Huko nilijifunza kurejesha kwa jina jingine kisha kuvuta rekodi zilizopotea peke yake, kutumia modi ya Full inayotunza logi, na kuchukua bakapu ya logi kila robo saa ili niweze kurudi hadi dakika moja kabla ya kosa.

Mtihani niliufanyia nyumbani Kanyenye. Unapiga picha za chumba, msimamizi anakutazama kwa kamera, mtu akiingia unaweza kufutiwa. Nilimwomba shangazi awashikilie watoto, nikaiweka ruta kwenye betri maana umeme wetu hauaminiki. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000. Sehemu kubwa ni Azure, huduma ya Microsoft ya seva za mtandaoni, na kwa ofisi ambayo seva yake iko kabatini, mengi hayakunisaidia moja kwa moja.

Cheti chenyewe hakijaniongezea mshahara. Kimenifanya nisikilizwe: nilipoomba diski ya pili ya kuhifadhia bakapu mbali na seva, bodi iliidhinisha kikao kilekile, ombi nililokuwa nimelirudia miaka miwili. Na mwaka jana jedwali lilipofutwa tena kwa makosa, tulirudi kazini ndani ya dakika arobaini bila stakabadhi hata moja kuingizwa upya.

Kama uko wilayani na hela ni ya mawazo, anza na masomo ya bure, tafuta kompyuta ya zamani uharibu na kurejesha mpaka mkono uzoee, ndipo ulipie mtihani. Kozi ilipie ikiwa tu wanakuonyesha mazoezi yao kwanza.

Kuhuisha cheti ni kila mwaka, mtandaoni, bila malipo. Changu nimeshakihuisha. Ijumaa hii narejesha bakapu ya jana kwenye kompyuta ya akiba, kama ninavyofanya kila mwisho wa mwezi.