TAHADHARI: Sensa ya waya nne inauzwa kama waidibendi, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum. Wenye gari za tabo, khasa Forester na Impreza: kuna muuzaji wa seti za geji na sensa ya oksijeni anapita kwenye magrupu ya WhatsApp, anaziita waidibendi, yaani sensa inayokaa kwenye eksozi na kupima kwa namba kamili mchanganyiko wa hewa na petroli. Kaeni naye mbali. Jina simtaji, na namba hubadilisha. Mtamjua kwa tangazo lake: boksi la Bosch, geji nyeusi ya duara, "waidibendi orijino, 150,000, fundi juu yangu". Sensa halisi peke yake inaweza kumaliza pesa hiyo, geji hujaigusa.

Mimi nafunga umeme wa magari Amani, na seti zake zimeshaletwa mezani kwangu zaidi ya moja. Ndani ya boksi mna sensa ya kawaida, kama ile inayokuja na gari nyingi kutoka kiwandani, imeungwa kwenye geji ya namba. Hesabu waya. Waidibendi ya Bosch LSU 4.9 hutoa waya tano, na soketi yake ina pini sita. Ya huyu bwana ina nne. Ukimuuliza atakwambia ni toleo jipya. Muongo.

Kupunjwa pesa ni kitu kidogo hapa. Sensa ya kawaida inajua jambo moja tu: mchanganyiko umevuka 14.7 au haujavuka, yaani uzito wa hewa mara 14.7 ya uzito wa petroli. Ukishuka chini ya hapo, yaani petroli ikizidi, volti yake inaganda karibu na 0.9, na 13.5 na 11.5 kwake zinakuwa takriban kitu kimoja. Sasa wewe unakanyaga, tabo inajaza, geji inakuandikia 11.5 ya kupendeza, kumbe injini iko 13.5, petroli haitoshi, na inagonga. Pistoni za EJ20, injini ya Subaru hizo, hazina subira na mchezo huo. Mara mia gari isiyo na geji, dereva wake angalau ana woga.

Wengine anawapa waidibendi ya kweli, ila kuukuu, imesuguliwa ikang'aa, na soketi imekatwa ikaungwa kwa tepu. Ndani ya soketi ile mna rezista ndogo iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa ile ile moja. Ukibadilisha soketi, namba za geji si za kuaminika tena.

Ujanja wake mkubwa ni huu. Anakukabidhi sensa, halafu anasema waya za geji zinakuja na boti ya kesho, "we ifunge tu, endesha". Sensa ikikaa kwenye eksozi bila umeme, hita yake ya ndani haiwaki, masizi na unyevu vinaigandia na inakufa. Boti ya kesho inakuwa ya wiki ijayo. Ukija kulalamika, anakujibu: umeiua mwenyewe, garantii hakuna. Na kweli imekufa, kwa hiyo watu wanaona haya na kunyamaza.

Fundi wake naye ni balaa jengine. Gari moja kachomelea nati kabla ya tabo, palipo na moto mkali na presha inayovuruga kipimo. Mahala pake ni baada ya tabo, kiasi cha sentimita 60 hadi 90 kwenye bomba, upande wa juu ili maji yasiitwamie. Nyengine kachomoa sensa ya gari akaingiza yake, kwa kuwa uzi ni ule ule wa milimita 18, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikabaki kipofu na taa ya injini ikawaka.

Ukinunua kwa yeyote, waya na soketi kwanza. Kisha iwashwe kwa betri mbele yako, nje ya bomba: ikipata moto, kwenye hewa tupu geji iende mwisho wa namba za juu, na ukiipulizia gesi ya kiberiti cha gesi bila kuwasha, ishuke. Ncha usiiguse, inaunguza vibaya. Ya waya nne inaweza kupita mtihani huu, ndiyo nikasema waya kwanza.

Sasa hivi anatuma Wete na Chake, na anataka pesa yote kabla mzigo haujapakiwa. Mliokwishalipa, msifute ujumbe wa muamala wala picha za tangazo, mzipeleke polisi na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Na kama sensa iko mkononi bila waya zake, isiingie kwenye bomba. Ibaki ndani ya boksi kama alivyokupa, ili asipate la kusema.